Nilinunua Ndege Kama Ng'ombe wa Kuchinja

Nilimdanganya mdogo wangu mara mbili, kwa maneno yale yale. Simsingizii shetani wala pombe, maana siku zote mbili nilikuwa na akili zangu timamu na nilikuwa nimekunywa chai tu. Kosa ni langu, tena langu peke yangu.

Msomaji mwenzangu, naomba unisikilize kana kwamba tumekaa sebuleni kwako na mlango umefungwa. Jambo hili sijamwambia mtu. Mke wangu hajui. Mchungaji hajui, na kila Jumapili ananishika mkono mlangoni na kuniita mzee wa kanisa! Majina ya watu nimeyabadilisha. Mahali sikubadilisha, kwa sababu nimechoka kujificha.

Mimi ni Mmeru, kwetu ni Maji ya Chai. Baba alikuwa na bucha Usa River, na alipofariki nikaishika mimi. Kila wiki nilikwenda mnadani, upande wa magharibi wa Mlima Meru, kununua ng'ombe kwa wafugaji. Kazi hiyo niliijua! Nilimtazama ng'ombe anavyotembea, nikambonyeza mgongo, nikamfunua mdomo, na kabla mwenyewe hajataja bei mimi nilishajua ni kilo ngapi zitaning'inia kwenye ndoano.

Baba alinifundisha jambo moja kubwa. Mnadani, kasoro ni rafiki wa mnunuzi. Ukiona ng'ombe anachechemea, usinyamaze, piga kelele watu wasikie! Mwenyewe ataona haya, atashusha bei. Ukiona ana chongo, piga kelele tena, atashusha tena. Na bei ikishashuka, kasoro imekwisha. Kesho yake asubuhi ng'ombe anachinjwa, na nyama ya ng'ombe mwenye chongo haina chongo.

Ndivyo nilivyolelewa. Maishani mwangu sikuwahi kununua ng'ombe wa kumtibu.

Basi zikaja zile siku za ruksa. Kilichokuwa marufuku jana, leo ruksa! Watalii wakafurika Arusha, na kila mwenye gari la kupanda mlima akajiita kampuni. Na mimi nikanunua Land Rover mbili za mtumba, kwa mtindo wangu wa mnadani, nikapigia kelele kila kutu. Zikanipa faida nzuri. Hapo ndipo kichwa kilipovimba.

Mwaka huohuo mdogo wangu Elisante alirudi nyumbani. Alikuwa rubani. Serikali ilimsomesha, akarusha ndege za shirika la umma kwa miaka mingi, halafu wafanyakazi wakapunguzwa na yeye akawamo. Alipanga nyumba Lemara, yeye na mkewe, Mama Neema. Kila nilipompitia nilimkuta kibarazani anasoma gazeti. Ndege ikipita juu, aliitaja aina yake kwa kusikia mlio tu, bila kuinua macho kwenye gazeti.

"Kaka," aliniambia siku moja, "sasa hivi hata mtu binafsi anaruhusiwa kuwa na ndege ya kukodisha. Wageni wako wanakula vumbi kutwa nzima mpaka wafike kambini. Mimi ningewafikisha kwa saa moja, tena wakicheka."

Kichaa cha ndege kikanipanda siku hiyohiyo!

Hatukuitafuta mbali. Kulikuwa na mzungu mmoja mkulima, mtu mzima sana, aliyekuwa anauza kila kitu chake arudi kwao: trekta, pampu, mpaka viti vya sebuleni. Alikuwa na ndege ndogo ya injini moja, yenye viti sita, iliyokaa miezi mingi uwanjani Kisongo bila kuruka. Elisante wakati huo alikuwa Dar es Salaam akihangaikia leseni yake. Aliniachia sharti moja tu.

"Kaka, usilipe hata senti mpaka Mzee Kaaya aikague. Yeye akisema ndiyo, na mimi nimesema ndiyo."

Mzee Kaaya alikuwa fundi wa ndege mstaafu, mtu mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi sikioni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yakiwa tayari kwenye mabawa. Aliizunguka ile ndege kutwa nzima. Alilala chini yake, akagonga mabati kwa ukucha, akafungua vifuniko, kisha akaomba madaftari yake ya matengenezo akayasoma ukurasa kwa ukurasa. Mimi nilikaa kivulini nikipiga miayo. Ng'ombe namaliza kwa dakika tano!

Jua lilipoanza kulala akanijia akijifuta mikono.

"Mwanangu, ndege hainunuliwi kwa rangi. Injini yake ina saa zake za kuishi, zimeandikwa. Hii imebakiza chache, baada ya muda itabidi ifunguliwe yote. La pili, daftari moja halipo, kwa hiyo miaka miwili mizima hatujui ilifanyiwa nini. La tatu ndilo linaloniogopesha."

Akanipeleka kwenye bawa, akaliwekea mkono.

"Humu ndani mafuta yanakaa kwenye mifuko ya mpira. Mifuko imezeeka, imejikunja. Na vifuniko vyake vinapitisha mvua. Maji yakiingia yanajificha kwenye mikunjo. Asubuhi rubani anafungua pale chini atoe maji, anaona mafuta safi, anaridhika. Akishaondoka, ndege ikainua pua, yale yaliyojificha yanashuka. Injini hainywi maji, mwanangu."

"Kwa hiyo niiache, mzee?"

"Sijasema uiache. Ndege yenyewe ni nzuri. Chukua bei ya ndege nzima ya aina hii, utoe gharama ya mifuko na vifuniko vipya, utoe saa za injini zilizokwisha kuliwa, utoe na lile daftari. Kinachobaki ndiyo bei ya haki. Halafu ulichokitoa ukitumie kwenye hayo hayo. Kama hutakitumia, usinunue."

Umesikia maneno hayo? Kila kitu kilikuwemo! Mtu mzima alinipakulia, akaniwekea mezani, na mimi nikala nusu ya kwanza tu.

Kesho yake nikaenda kwa yule mzungu nikapiga kelele za mnadani. Injini imechoka! Akashusha. Daftari liko wapi? Akashusha tena. Nilipofika kwenye mifuko, akageuka akatazama shamba lake la kahawa nje ya dirisha.

"Haya," akasema kwa Kiswahili chake cha shambani. "Nashusha. Lakini sikia, bwana. Hii ya mwisho siyo yako. Ni ya mifuko. Utabadilisha?"

"Nitabadilisha."

"Kabla ya mvua?"

"Kabla ya mvua."

Tukashikana mikono. Moyoni nilikuwa nacheka. Nilidhani ni maneno ya mtu aliyeshindwa bei na sasa anajifariji.

Jamani, niliondoka pale nimejaa sifa! Kampuni moja ya jirani ilikuwa imenunua ndege ya aina ileile kwa bei inayokaribia mara mbili ya yangu, yenye madaftari yote na mifuko mipya. Niliwacheka mpaka machozi yakanitoka. Niliwaambia marafiki zangu kwamba wasomi hawajui kununua, waende mnadani wakafundishwe na sisi wauza nyama.

Na ile mifuko? Kichwani mwangu ilikuwa imekwisha. Si nilishaipigia kelele, bei ikashuka? Pesa ya mifuko nikaipaka ndege rangi, nyeupe na kijani, ikang'aa. Nikafungua ofisi yenye madirisha ya alumini. Nikachinja madume mawili, mchungaji akaja akaombea ndege, kwaya ikaimba chini ya bawa lile lile.

Mzee Kaaya alikataa kusaini karatasi za ukaguzi bila mifuko mipya. Nikamtafuta fundi mwingine, mwenye kalamu nyepesi. Huyo alisaini bila hata kupanda ngazi.

Elisante akarudi kutoka Dar. Nakumbuka alivyoisogelea ile ndege, taratibu, akapitisha kiganja ubavuni mwake. Mwaka mzima alikuwa amekaa kibarazani kama mzee wa miaka themanini, na sasa nilimwona anasimama wima tena.

"Mzee Kaaya amesema nini?" akaniuliza.

"Amesema ni nzima."

Ndiyo mara ya kwanza hiyo. Akaangalia karatasi. "Mbona saini si yake?"

"Alikuwa na safari. Amekwenda kwao mlimani, kahawa imeiva."

Akatikisa kichwa, akatabasamu. Kwetu mdogo hamhoji kaka yake aliyemlea. Kama angekuwa mtu wa mbali angeuliza mara ya tatu, lakini alikuwa Elisante, na mimi ndiye niliyembeba mgongoni kuvuka mto akiwa hajajua kutembea vizuri.

Kiangazi chote ndege iliruka bila neno. Hilo ndilo lililonimaliza! Kila ilipotua salama, moyoni nilimcheka yule fundi na miwani yake ya uzi. Wageni walilipa, kambi zikaniamini, na jina langu likajulikana mpaka kwenye baa za mjini.

Siku moja, sokoni Tengeru, nikakutana na Mzee Kaaya uso kwa uso. Hakuitikia hata salamu yangu vizuri.

"Umebadilisha ile mifuko?"

"Bado kidogo, mzee."

Akageuka akautazama Meru. Wingu zito lilikuwa limekwisha kukaa nusu ya mlima. "Mvua haijui bado kidogo," akasema, akachukua kikapu chake cha ndizi akaondoka.

Ningemkimbilia! Ningesema, mzee, twende wote kwa Elisante tumwambie. Badala yake nilibaki nikichagua nyanya.

Manyunyu ya mwanzo yakaotesha mahindi, kisha masika yenyewe ikaanza. Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, na ndege ilikuwa nje, imesimama uwanjani, inanyeshewa. Kambini kulikuwa na wageni waliokwama, na kambi yenyewe ilikuwa imeishiwa nyama. Siku ya nne asubuhi mvua ikakatika kidogo. Nikapakia maboksi ya nyama ya bucha yangu kwenye gari, nikampelekea Elisante uwanjani. Yeye aende na nyama, arudi na wageni.

Nilimkuta chini ya bawa ameshika chupa ya kioo. Mafuta ya ndege zile ni ya samawati. Chini ya ile samawati kulikuwa na maji, yametulia, kiasi cha vidole viwili.

"Kaka, hii ni chupa ya tano," akasema. "Sijawahi kutoa maji mengi hivi. Mara inakuja safi, nikisubiri kidogo yanakuja tena."

"Ni hii mvua tu."

Akainama akatoa chupa nyingine. Hiyo ilikuwa safi. Akaitikisa, akaiinua kwenye mwanga, akaitazama muda mrefu. Kisha akanitazama mimi.

"Kaka. Ile mifuko ya ndani, Mzee Kaaya aliikagua?"

Msomaji, Mungu ananiona. Maneno yalikuwa hapa, kwenye ulimi! Lakini nikafikiria wageni waliokasirika, nikafikiria nyama inayochuruzika damu kwenye maboksi, nikafikiria nitakavyoonekana mbele ya mdogo wangu: mwongo aliyekula pesa ya mifuko.

"Aliikagua. Amesema ni nzima."

"Basi sawa," akasema. Akamwaga chupa kwenye majani, akapanda. Kabla ya kufunga mlango akanipungia mkono.

Ilikimbia, ikainuka, ikapita juu ya ua wa minyaa. Ikainua pua kuelekea mlimani. Nikasikia injini inakohoa mara moja. Ikashika tena. Ikakohoa. Halafu kimya.

Kimya kile! Hata leo, feni ikizimwa ghafla ndani ya nyumba, nashika ukuta.

Aligeuza bawa akitafuta pa kushukia. Najua alijitahidi, maana alikwepa nyumba mbili na shule. Ikashuka kwenye shamba la mahindi ng'ambo ya ua, na sauti ilinifikia baadaye kidogo, nikiwa nimeshaanza kukimbia.

Watu waliokuwa wanapalilia ndio waliomtoa, kwa mikono yao. Nilipofika alikuwa amelazwa juu ya kanga ya mama mmoja, uso wote damu, mguu wa kulia umegeukia kusikoelekea mguu. Maboksi yalikuwa yamepasuka. Nyama ya bucha yangu ilikuwa imetapakaa kwenye mahindi, na mbwa walikuwa wamefika kabla yangu.

Mguu ulikatwa. Vioo vilichukua macho yote mawili.

Waliokuja kuchunguza waliniuliza karatasi za ukaguzi. Nikatoa zile za kalamu nyepesi. Wakaandika kwamba maji yaliingia kwenye mafuta na rubani hakuyatoa yote kabla ya kuruka. Ndivyo ilivyoandikwa, na ndivyo Arusha nzima ilivyosema: rubani mzembe! Marubani wenzake walikuja kumwona mara moja, hawakurudi.

Mzee Kaaya naye alikuja hospitali. Mimi nilikuwa mlangoni, nikamwinamia, shikamoo mzee. Akasimama.

"Nimekuja kumwona mgonjwa," akasema. "Wewe nilishakuona."

Akakaa na Elisante muda mfupi, akamshika mkono, akaomba naye. Nilisikiliza nje huku nikitoka jasho. Hakusema. Alipotoka akaniambia kwa sauti ndogo: "Hilo ni la kwako kusema. Mimi siwezi kumpa mgonjwa habari ya kumuua." Mwaka uliofuata alifariki, na mimi, mtu niliyeoza, nilipopata taarifa ya msiba nilipumua!

Lakini bado sijafika kwenye baya lenyewe. Baya ni hili. Wiki ya tatu hospitalini, Elisante aliomba nimsogelee. Macho yake yamefungwa kitambaa, anapapasa hewani mpaka akapata mkono wangu.

"Kaka, nisamehe," akasema. "Niliyaona maji. Nilipaswa kusubiri. Wewe uliniamini, na mimi nimekuharibia ndege."

Na mimi nikajibu, "Nimekusamehe."

Nilimsamehe! Mimi! Mama Neema alikuwa upande wa pili wa kitanda, akalia, akanishukuru, akasema hajaona kaka mwenye moyo kama wangu. Tangu siku hiyo amekuwa ananitengea kiti changu kibarazani kwao, chenye mto. Nikifika, hakuna mwingine anayekikalia.

Miaka imepita. Land Rover niliuza, bucha ninayo bado. Elisante yupo Lemara, kwenye kibaraza kilekile. Asubuhi inapita juu ndege moja ndogo inayokwenda mbugani. Ni ile ya kampuni ya jirani, ile ya bei mbaya niliyoicheka. Yeye huitaja aina yake kwa mlio tu, kama zamani, na mimi naomba ardhi inimeze.

Jioni mkewe humsomea gazeti. Ukurasa anaoupenda ni huu huu, wa watu wanaoungama. Anacheka, anasema watu wana mambo! Mwezi uliopita nilikuwepo. Mama Neema alisoma ungamo la mtu aliyemdhulumu rafiki yake, akamaliza. Elisante akasema, "Angekwenda kumwambia mwenyewe. Gazeti ni la nini?"

Nimejaribu. Nimefika mlangoni mara nyingi na maneno mdomoni, nikaishia kuulizia hali ya mguu. Mimi ni mwoga. Ndiyo maana nimeandika.

Wewe unayetaka kununua cha mtumba, iwe ndege, iwe gari, iwe mashine ya kusaga, nisikilize. Pesa unayopunguziwa kwa sababu ya kasoro si faida! Ni dawa ya hiyo kasoro, muuzaji amekukabidhi mkononi. Ukiila, kasoro inabaki pale pale, inasubiri siku yake. Na fundi akikwambia ukweli, usiutumie kwa muuzaji tu halafu umfiche atakayekalia kiti cha mbele. Methali inasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia, na miguu yangu yote miwili ni mizima. Guu lililovunjika ni la mwenzangu.

Mama Neema, shemeji yangu, najua umeshatujua, na najua umenyamaza, naye anakuuliza kuna nini. Usikunje gazeti. Msomee yote. Mwambie Mzee Kaaya hakusema ni nzima. Mwambie maji yote ambayo macho ya binadamu yangeweza kuyaona, yeye aliyatoa.

Kesho jioni nitakuja. Kile kiti usinitengee.